Msitu Ulioitwa Kiwanja Kitupu

Matangazo ya kuuza ardhi yana msamiati wake, na mwanaisimu hana budi kuusoma kwa makini kama asomavyo utenzi. Ukiyapitia matangazo ya ukanda wa Diani, katika pwani ya kusini ya Kenya, utakuta maneno yale yale yakirudiwa mwaka nenda mwaka rudi: kiwanja kitupu, safu ya kwanza kutoka baharini, safu ya pili, barabara ya lami ipo, maji na umeme vipo karibu. Neno ninalotaka tulitazame leo ni hilo la "kitupu". Mnunuzi akifika kukiona kiwanja chenyewe, mara nyingi hukuta mbuyu ambao watu watatu hawawezi kuukumbatia, mkwaju, mgurure, mikuyu, na mitambaazi iliyofungamana huko juu hata jua likawa linapenya kwa shida. Akivumilia na kunyamaza kidogo, huenda akaona mkia mrefu wenye ncha nyeupe ukining'inia matawini, kisha uso mweusi uliozungukwa na nywele nyeupe ukimtazama bila haraka yoyote. Hicho ndicho kiwanja kitupu.

Tupu, kwa kawaida ya lugha yetu, ni kitu kisicho na kitu ndani: debe tupu, mkono mtupu, tumbo tupu. Ili kiwanja chenye miti na wanyama wa aina kadha wa kadha kiitwe kitupu, lazima msemaji awe amekwisha kuamua ni vitu gani vinavyostahili kuhesabiwa kuwa vitu. Nyumba ni kitu. Ukuta ni kitu. Kidimbwi cha kuogelea ni kitu tena cha thamani. Mti haumo katika hesabu. Na baada ya jina huja kitenzi: mnunuzi huambiwa kwamba kiwanja kinahitaji "kusafishwa". Zamani tulisema kufyeka, kitenzi chenye ukweli ndani yake, kwa kuwa anayefyeka anajua kwamba anaangusha kilicho hai. Anayesafisha huondoa uchafu, na nani atamlaumu mtu kwa kuondoa uchafu? Kisha hufuata kitenzi cha tatu, "kuendeleza", na ardhi yenye msitu ikaitwa ardhi ambayo haijaendelezwa, kana kwamba mvule uliosimama pale tangu enzi za mababu ulikuwa umelala usingizi ukimngojea mkandarasi.

Sidai kwamba maneno hukata miti. Miti hukatwa kwa shoka na msumeno, na nyuma ya msumeno pana pesa. Dai langu ni dogo kuliko hilo, nalo ni kwamba hakuna anayeulizwa swali kwa kukisafisha kiwanja kitupu.

Diani iko kilomita 30 hivi kusini mwa Mombasa, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, katika Kaunti ya Kwale. Msitu wake ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo vipande vyake vimetawanyika kuanzia kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Ni msitu uliosimama juu ya mwamba. Udongo ni haba. Ukichimba kidogo tu unakutana na jiwe la matumbawe ya kale, na mizizi hupenya katika nyufa za jiwe hilo ikitafuta maji. Tangu barabara ya lami ilipopitishwa sambamba na ufuo katika miaka ya 1970, hoteli na majumba ya starehe yameupasua ukanda huu upande wa bahari, huku mji wa Ukunda ukipanuka upande wa bara. Msitu umebaki katikati kama nyama katika sambusa. Sehemu kubwa ya kilichosalia haimo katika hifadhi ya serikali. Imo katika viwanja vya watu binafsi na vya hoteli, kila kimoja na hati yake na nambari yake.

Hata hivyo, kwa eneo lililobanwa namna hii, wakazi wake ni wengi ajabu. Katika jamaa ya nyani peke yake Diani ina aina sita: mbega, kima, tumbili, nyani mwenyewe, na komba wa aina mbili, mkubwa na mdogo. Kiswahili kilimpa kila mmoja jina lake kwa sababu wasemaji wake waliishi nao na kuwatofautisha kwa sura, kwa sauti na kwa tabia. Tumbili na kima huja mezani. Nyani huja shambani, tena kwa kundi. Komba hatoki ila usiku, na ni mpenzi mkubwa wa tembo la mnazi hata mlevi akafananishwa naye. Mgema anayeliacha buyu lake juu ya mnazi bila kulifunika hana wa kumlaumu. Siku hizi, katika mazungumzo ya mjini, wote hawa wamegeuka kuwa "nyani" tu. Ni hasara ya lugha, bila shaka, lakini pia ni hasara ya maarifa, kwa kuwa mtu asiyemtofautisha mbega na tumbili atamtoza mbega faini ya makosa ya tumbili.

Ninaomba nafasi ya kumtaja mnyama mmoja zaidi, sange, mwenye pua ndefu inayochezacheza, ambaye hukimbia sakafuni mwa msitu akipekua majani makavu kutafuta wadudu. Katika misitu ya pwani ya kusini yuko sange mweusi kwa nyuma na mwekundu kwa mbele. Wazungu walimwita panya-tembo kwa ajili ya pua hiyo. Baadaye wataalamu wa ukoo wa wanyama walithibitisha kwamba hana udugu na panya hata kidogo. Jamaa zake wa mbali ni ndovu mwenyewe, perere na nguva. Jina la mzaha likawa ukweli kwa nusu, na wanasayansi waliotafuta jina lisilopotosha wakaazima neno la Kibantu, "sengi", ambalo sikio lolote la Mswahili litalitambua kuwa ndugu ya sange. Tumezoea kuazima istilahi kutoka kwao. Mara hii wao ndio waliobisha hodi.

Lakini anayebeba mzigo wa Diani ni mbega. Msomaji aweza kushawishika kudhani kwamba jina lake limetokana na bega, kwa kuwa nywele ndefu nyeupe humwangukia mabegani kama shali ya sharifu. Dhana hiyo ni tamu, ila utamu si ushahidi. Jina lake la kizungu nalo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa kiungo, kwa kuwa mbega hana kidole gumba cha maana; vidole vinne vilivyobaki hufanya kazi ya kulabu, na kulabu ndiyo aihitajiyo mtu anayeruka kutoka tawi hadi tawi siku kutwa. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe, na baada ya miezi michache ndipo hugeuka rangi akafanana na wazazi wake. Kundi zima humshughulikia. Majike hupokezana kumbeba.

Chakula chake ni majani, hasa machanga, pamoja na maua, mbegu na matunda mabichi. Tumbo lake limegawanyika vyumba kama la ng'ombe, na humo viini vidogo huyachachusha majani hayo na kuyavunja. Kwa sababu hiyo mbega hushinda amekaa tu, akisaga na kungojea. Wageni humwona mvivu; ukweli ni kwamba yuko kazini. Tumbo la namna hiyo halijui mkate, wala keki, wala viazi vya kukaanga. Tumbili akikatiwa mti wake huhamia kwenye pipa la taka la hoteli, akanenepa na kuzidi ujeuri. Mbega akikatiwa mti wake hana pa kuhamia. Ndiyo maana idadi ya tumbili wanaomsumbua mgeni mezani haiwezi kuwa ushahidi kwamba msitu wa Diani uko salama.

Jambo la pili ni kwamba mbega ni mtu wa juu. Hupenda kusafiri kwa njia ya matawi, na njia hiyo ni lazima iungane. Kiwanja kimoja kikisafishwa katikati, njia imekatika, na kundi lililozoea kupita hapo kila siku lina hiari mbili. Laweza kushuka chini na kuvuka lami miongoni mwa matatu, bodaboda na magari ya watalii, au laweza kupita juu ya kitu kingine kirefu kilichonyoshwa hewani, nacho ni waya wa umeme. Magari na umeme vimewaua mbega wengi wa Diani, pamoja na mbwa na mitego. Mwaka wa 1997 liliundwa shirika la kuwahami mbega hao baada ya wakazi kuchoka kuokota mizoga barabarani, na tangu hapo yamekuwa yakitundikwa madaraja ya kamba juu ya barabara ya ufuoni, mfano wa ngazi iliyolazwa, ambayo mbega, kima na tumbili huyatumia kuvukia. Madaraja hayo sasa yamepita 30. Matawi yaliyo karibu na nyaya hupogolewa, na baadhi ya nyaya zimevishwa ngozi ya mpira.

Nina heshima kubwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo tusisahau daraja ni nini. Daraja ni kiraka. Linawekwa mahali ambapo palikuwa na tawi, na tawi lilikuwa halihitaji kukaguliwa wala kubadilishwa kamba.

Hapa narudi kwenye taaluma yangu, kwani historia ya pwani hii imekwisha kutuonyesha mara moja jinsi watu wawili wanavyoweza kutazama msitu mmoja wakaona vitu viwili. Watu tunaowaita leo Wamijikenda waliitwa Wanyika kwa muda mrefu. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, wamishonari waliokaa Rabai katika miaka ya 1840, walilichukua jina hilo kama walivyolikuta kwa watu wa mwambao, na kamusi waliyoitayarisha ya lugha hiyo ilichapwa mwaka 1887 ikiwa bado na jina la Kinika. Nyika ni pori, ni mahali pasipo mji. Mnyika, basi, ni mtu wa porini. Jina hilo lilitolewa na waliotazama kutoka nje, na kutoka nje walichokiona ni miti tu.

Wenyewe walipojichagulia jina lililoshika katika miaka ya 1940, walichagua Mijikenda, yaani miji tisa, kwa lile neno la kale la kuhesabia ambalo tisa ya Kiarabu imelifukuza katika Kiswahili cha leo. Wengine walisema Makayachenda, makaya tisa. Tazama ajabu hii: jina la nje linasema hapa hapana mji, jina la ndani linasema hapa pana miji, tena tisa, na mahali panapozungumziwa ni pale pale. Kaya, katika lugha za Mijikenda, ni maskani, ni kwao mtu. Ni neno kongwe la Kibantu. Wasukuma wa Tanzania wanalo kwa maana iyo hiyo ya nyumbani. Makaya yalijengwa katikati ya misitu minene kwa ajili ya usalama, yakiwa na vijia vichache vya kuingilia na fingo lililozikwa ndani kuyalinda. Watu walipohama na kutawanyika mashambani, msitu ulibaki, makaburi yakabaki, fingo likabaki, na jina likabaki. Mahali palipoitwa nyumbani hapakatwi kuni ovyo.

Kaya Kinondo iko upande wa kusini wa Diani, karibu kabisa na bahari, na ni ya Wadigo. Ukubwa wake ni hekta 30 hivi, yaani shamba ambalo mtu hodari wa kutembea angelizunguka kabla chai yake haijapoa. Katika hekta hizo mna miti ambayo kwingineko Diani imekuwa adimu, mna mbega, mna hondohondo wanaosambaza mbegu za matunda wanayoyala, mna popo wanaofanya kazi hiyo hiyo usiku. Mgeni anayeingia hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Haruhusiwi kuchukua chochote, hata kijiti kikavu kilichoanguka. Wala wapenzi hawaruhusiwi kubusiana humo, sharti ambalo huwashangaza watalii kuliko yote. Vijana wa kijiji ndio huwaongoza wageni tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ada inayolipwa huwafaa wenyeji. Serikali iliitangaza misitu kadha ya kaya kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza baadhi yake, Kinondo ikiwemo, katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata mila zenyewe za kaya nazo ziliandikwa katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa haraka. Naona busara katika kuwapo kwa orodha hizo mbili. Waliolinda miti hiyo kwa karne nyingi hawakuwa na mlinzi wa bunduki wala seng'enge. Walikuwa na maneno na miiko.

Kiswahili sanifu kimelichukua neno kaya na kulipa kazi ya ofisini. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya ilihesabu kaya zake zikawa milioni 12 na zaidi, na kila mmoja wetu alielewa kwamba kinachohesabiwa ni watu wanaoishi na kula pamoja chini ya mkuu mmoja. Sina ugomvi na matumizi hayo. Natamani tu karani aliyebisha mlangoni angalikumbuka kwamba neno alilolibeba katika fomu yake lilikuwa na miti.

Isidhaniwe lakini kwamba Kinondo imeokoka na sisi tumalize habari. Hekta 30 ni kisiwa, na kisiwa huhitaji jirani. Kundi la mbega likifungiwa humo bila njia ya kutoka litaoana ndugu kwa ndugu. Hondohondo hatambui mipaka ya gazeti la serikali. Asubuhi yuko ndani ya kaya, mchana yuko katika mkuyu wa kiwanja cha mtu. Uzima wa kaya, basi, unategemea vile vipande visivyo na jina vinavyoizunguka, na vipande hivyo ndivyo vinavyosafishwa. Kisiwa cha Chale, hapo hapo kusini, nacho kina kaya yake, na bado kilijengwa hoteli. Isitoshe, wazee wa kaya wanapungua, na wapo miongoni mwa vijana wanaoona mambo ya fingo na kaniki kuwa ni ushirikina usiopatana na dini. Hilo ni la wenyewe kuamua. Ninachokiona ni kwamba mwiko ukiondoka, na sheria isiposhika nafasi yake, nafasi hiyo hushikwa na dalali.

Kuna na mvamizi mwingine ambaye watu hawamshuku kwa kuwa ana jina zuri. Mwarobaini ni mti wa Bara Hindi. Tuliupokea, tukaupa jina la kusifu dawa yake ya maradhi arobaini, na mahali pengine pwani ukaitwa mkilifi, jina linalomfanya msikilizaji adhani ulizaliwa Kilifi. Ndege hula matunda yake na kupanda mbegu zake ndani ya misitu, nao hukua upesi na kuisonga miti ya asili. Mwulize kijana wa pwani akutajie miti kumi: atakutajia mnazi, mwembe, mkorosho, mwarobaini, yote wageni wa kutoka ng'ambo ya bahari kwa nyakati mbalimbali. Mfune, mbambakofi, mgurure na msandarusi, ambayo ni wenyeji, itamshinda. Mti ambao hakuna anayeujua kwa jina haupati wakili siku ya kukatwa. Walimu wa Kiswahili katika shule za Kwale wangeweza kuyafanya majina haya kuwa somo la nje ya darasa bila kungojea mtaala mpya, wakienda na mzee mmoja na daftari moja.

Sheria yetu imejaa nia njema. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamkinga mbega asiuawe. Mti anaolala juu yake, ukiwa katika kiwanja chenye hati, hauna kinga ya namna hiyo, na kumwondolea mnyama chakula chake chote hakuitwi kumwua. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa kujengwa. Lakini tathmini hufanywa kiwanja kwa kiwanja, na kila ripoti huweza kusema kwa haki kabisa kwamba nusu ekari hii si kitu ikilinganishwa na msitu uliobaki. Viwanja ishirini vikisema hivyo, msitu uliobaki ni upi?

Wako watakaonikumbusha Karura. Msitu ule wa Nairobi ulikuwa na jina, ulikuwa umetangazwa rasmi tangu mwaka 1932, na bado ulimegwa katika miaka ya 1990 hadi Wangari Maathai na wenzake walipopigwa langoni pake mwezi wa Januari 1999. Ni kweli, jina halimzuii mnyakuzi. Lakini fikiria waliokwenda kuutetea wangeliandika nini katika mabango yao kama msitu ule ungekuwa viwanja mia vyenye nambari. Walikuwa na neno moja la kulipigania, na nchi nzima ilielewa ni kitu gani kinachoibwa.

Kuna hoja nzito zaidi ambayo mtetezi wa miti hana haki ya kuikwepa. Mdigo wa Diani ameona ardhi ya ufuoni ikiondoka mikononi mwa wazee wake, safu ya kwanza kisha ya pili. Husemwa mgeni njoo mwenyeji apone. Wageni wamekuja kwa miaka hamsini, na yeye bado anangojea kupona. Nyani wamemla mahindi, tumbili wamemla maembe. Halafu aje mtu kutoka mjini amwambie kwamba mti uliomo katika kipande alichosaliwa nacho asiukate kwa ajili ya mbega! Hasira yake ni ya haki, na yeyote anayemjibu kwa kumhubiria hatasikilizwa wala hastahili kusikilizwa. Ila tuipeleke hasira hiyo inakostahili. Anayejenga vyumba viwili vya matope au vya mawe katika robo ekari, mara nyingi huuacha mwembe na mkwaju kwa ajili ya kivuli. Anayefyeka ekari tano kwa siku moja hadi nyuma ya ukuta pakabaki peupe ni mtu mwenye tingatinga, na huyo si mwanakijiji. Mzigo wa kubakiza miti na uanzie kwake. Mwenye kiwanja kidogo anayeacha njia ya mbega juu ya paa lake apunguziwe ada za ardhi, si kusifiwa tu kwenye hotuba.

Mengine yanayohitajika si ya kusubiri wafadhili. Nyaya mpya zinazopita katika ukanda wa miti zivishwe tangu siku ya kwanza, badala ya kungoja mizoga ihesabiwe. Vipande vya msitu vilivyobaki vipimwe pamoja kama kitu kimoja, vipewe majina, na majina hayo yaandikwe katika ramani ya mipango ya kaunti kando ya nambari za viwanja. Hakuna haja ya kuunda kamati ya kubuni majina. Kila kichaka, kisima na mwamba katika eneo lile una jina la Kidigo, na wenye kuyajua bado wako hai. Na mchoro wa nyumba unapoletwa ofisini kuidhinishwa, huwa unaonyesha choo, tangi la maji, maegesho na lango. Uonyeshe na miti iliyopo, mmoja mmoja kwa jina lake, ipi itabaki na ipi itaanguka, na afisa aende kuitazama kabla ya kugonga muhuri.